Meza ya Kukatia Siiachi

Msimamizi wa kiwanda chetu cha sare alinijia na habari aliyoiita njema.

"Mama Mkasi, oda ya shule ikianza unahamia kwenye vifungo. Utakaa kitini, upumzishe goti."

"Nani amekuambia nataka kukaa?"

"Unachechemea, mama. Meza nzima inakusubiri wewe."

Hapo hakusema uongo. Mkata vitambaa hafanyi kazi ameketi. Anaisukuma mashine ya kukatia ukingoni mwa meza ndefu, kwenda na kurudi, na goti langu la kulia lilikuwa limeniadhibu kwa miaka mingi. Lakini kazi ile niliiomba kwa Mungu kwa machozi, akanipa. Sikuona kwa nini niirudishe kwa sababu ya goti.

Hospitalini wakaniingiza kwenye darasa la wenye magoti mabovu, linalofundishwa kwa simu ya video. Jioni nikaegemeza simu kwenye birika, nikaketi jikoni. Mwalimu wetu, dada wa mazoezi ya viungo, akasema, "Fumbeni macho. Pelekeni fikra kwenye goti, mtulie nalo."

Mimi macho huyafumba kwa jambo moja tu. Nikapaza sauti: "Toka! Nakukemea! Toka, usirudi tena!"

Mzee mmoja wa darasani akakata simu, akidhani anafukuzwa. Mume wangu, aliyekuwa akimenya vitunguu, alicheka hadi machozi, akavisingizia vitunguu.

"Mama," mwalimu akasema, naye akijikaza asicheke, "ukilikemea hivyo unabana pumzi. Ukibana pumzi mwili wote unakakamaa, na goti linazidi kuuma."

"Unanikataza kuomba?"

"Omba. Ila pumua."

Basi nikaomba nikipumua. Ee Mungu, nikivuta pumzi. Nitie nguvu, nikiitoa. Niliinuka kitini polepole bila kushika kitu, nikaketi polepole, nikilisikiliza goti linapochoma na linapolegea. Jioni kwa jioni, mwalimu akinitazama kutoka kwenye birika.

"Inuka, keti, inuka, keti," mume wangu akasema. "Kiti hicho kimekukosea nini? Kubali vifungo, mke wangu. Heri nusu shari kuliko shari kamili."

"Nusu hiyo nimekuachia wewe, mume wangu. Mimi bado naomba."

Oda ikafika. Asubuhi hiyo nilikuta aproni yangu imetandikwa juu ya kiti, kando ya ndoo ya vifungo. Nikaichukua, nikaivaa, nikaenda mezani.

Nilipokuwa nikikata, katikati ya meza maumivu yakaja, makali kama zamani. Zamani ningeuma meno na kuburuta mguu. Safari hii nilizima mashine, nikasimama. Nikavuta pumzi, nikaitoa. Nikalikunja goti kidogo, nikalinyoosha, tena na tena, kama jikoni.

Msimamizi akaja mbio. "Si nilikuambia?"

"Uliniambia. Sogea, baba, unakanyaga kitambaa."

"Bado linauma!"

"Linauma. Nani amesema haliumi?"

Wenzangu wakainamia cherehani zao, mabega yakiwatikisika kwa kicheko. Nikawasha mashine. Nilikata mpaka mwisho wa meza, nikageuka, nikaanza kurudi, na hapakuwa na mtu wa kunisubiri. Msimamizi alisimama pale pale, mikono kiunoni, akiangalia mguu wangu badala ya kitambaa.

"Na kesho je?" akauliza.

"Kesho niletee kisu kipya cha mashine," nikamwambia. "Hiki kimekuwa butu."