Ruhusa ya Kutokula Bamia

Kwa miaka thelathini na moja mzee mmoja alikaa nyuma ya dirisha la ofisi ya vibali, mhuri mkononi, na ukimpelekea karatasi yako jibu lake lilikuwa moja: "Njoo kesho." Ukithubutu kuuliza, "Saa ngapi?" dirisha lilikuwa limeshafungwa. Watu wakambandika jina la Njookesho, likamganda kama kupe. Kisha akastaafu, na mhuri akaurudisha. Sasa ulikuwa mwezi wa tano anakaa sebuleni akisikiliza friji ikinguruma. Hakuna aliyemhitaji, na hilo lilimuuma kuliko jino bovu.

Mkewe alikuwa mwalimu wa chekechea. Asubuhi moja akamwambia, "Baba watoto, msaidizi wangu anaumwa, na leo tunapiga chapa mapazia ya darasa. Wewe mihuri unaijua. Twende."

"Mihuri gani?"

"Ya viazi."

Alitaka kukataa. Lakini akatae ili abaki na nani, friji? Akavaa viatu.

Darasani meza zilikuwa zimeunganishwa, pazia jeupe limetandazwa juu yake, rangi zimo kwenye visahani. Mwalimu alikata kiazi vipande viwili, akachonga samaki kwenye kimoja kwa ncha ya kisu, akampa mumewe. Mzee akakichovya kwenye rangi ya buluu, akapiga, pwaa! kwa mkono uleule wa ofisini. Samaki akapasuka. Maji ya kiazi yaliyochanganyika na rangi yakamrukia hadi kwenye miwani, na watoto ishirini wakaangua kicheko.

"Babu," akasema binti mmoja mwenye pengo, kwa huruma kabisa, "kwani kiazi kimekukosea nini?"

Akamwonyesha mwenyewe. Kwanza unakikausha kwa kitambaa, unachovya kidogo tu, unakiweka, unahesabu mpaka tatu, halafu unainua polepole. Basi mzee wa watu, na uzoefu wake wote, akafundishwa kazi na mtu asiyejua kufunga kamba za viatu. Alihesabu mpaka tatu kwa sauti. Samaki akatokea mzima, mkia na jicho lake, na Njookesho akacheka mpaka akajishangaa. Kitunguu kilichokatwa kikatoa miduara, bamia iliyokatwa ikatoa ua la pembe tano, na kufika saa sita pazia lilikuwa limejaa.

Rangi ikabaki. Yule binti akanyoosha mkono. "Nipige na mimi."

Mazoea yana taabu. "Ruhusa ya nini?" mzee akauliza.

Binti akafikiri. "Ya kuruka."

Akapigwa chapa ya samaki, akaondoka akiruka. Kufumba na kufumbua foleni ikafika mlangoni. Huyu alitaka ruhusa ya kuwa simba, yule ya kulala na viatu. Mmoja aliomba ruhusa ya kutokula bamia. Mzee akamtazama kwa makini, akampigia ya bamia.

Kengele ya kwenda nyumbani ikalia. Wazazi walikuwa wameshafika, na kwenye foleni walibaki wanne.

"Njoo ke..." mdomo ulianza wenyewe, kisha ukasita. Mikono minne ilikuwa imenyooshwa mbele yake. Miaka yote ile hakuwahi kuwatazama usoni waliosimama nje ya dirisha lake, na sasa aibu ikamshika. "Sogeeni," akasema. Akawapigia wote wanne, mmoja mmoja, akihesabu mpaka tatu, wazazi wakingoja.

Binti wa pengo alikuwa ameshikwa mkono na mama yake. Alipofika mlangoni akageuka, akamnyooshea mzee kidole chenye rangi.

"Babu, njoo kesho!"

Mwalimu akaziba mdomo, mabega yakimtetemeka kwa kicheko. Mzee akavua miwani, akafuta macho kwa mkono wa shati.

"Saa ngapi?" akauliza.