Madaftari Aliyoyachoma Bibi Bertha

Bibi Bertha wa Uyole alikuwa na sheria moja ya tiba: mtoto akipona, daftari lake la zahanati linachomwa, ugonjwa usijue njia ya kurudi. Mjukuu wake Lusekelo, miaka miwili, hakuwahi kumaliza kurasa tatu za daftari lolote. Ugonjwa ulirudi bila kuuliza njia.

Ndiyo maana Anyitike, binti yake na mama wa mtoto, alimkabidhi daktari wa watoto mjini Mbeya daftari jipya kabisa, bibi akiwa ameketi kando.

"Hii ndiyo nimonia yake ya kwanza?"

"Hapana, dokta."

"Ya ngapi?"

Anyitike akafumba macho. Tarehe hakuzijua, ila madaftari aliyanunua mwenyewe. "Lenye twiga, nimonia. Lenye mchezaji mpira, sikio lilitoa usaha. La bluu tulilazwa Chimala, nimonia tena. La kijani..."

"Hilo lilikuwa la majipu," bibi akasaidia, kwa fahari kidogo.

Daktari akaacha kuandika. Akamulika koo la mtoto, akakaa humo muda mrefu.

"Mafindofindo yake, zile tezi za kinga za kooni, yako wapi?"

"Mimi nilimkatisha kimeo tu," bibi akajitetea. "Hayo mengine sijayagusa."

"Hukuyagusa, bibi. Hayakuota. Kuna watoto wanazaliwa na mwili usiotengeneza kinga. Ni ugonjwa wa kurithi, unapitia kwa mama, unawapata wavulana. Kwenu kuna wavulana waliofariki wadogo?"

"Hakuna," bibi akajibu haraka mno.

"Damu tutaipima, ila majibu yatachelewa, yanatoka mbali. Nikijua ya kwenu, namwanzishia dawa ya kumkinga leo hii. Nimonia ijayo inaweza isimwache."

Bibi Bertha, ambaye sokoni hugombania bei ya ndoo ya viazi kuanzia asubuhi hadi adhuhuri, safari hii alishika kanga yake. Akaifunga upya. Akaifungua.

"Anord," akasema. "Alikuwa ameanza kukimbia. Halafu Ezekia, miezi kumi. Watu wakasema nawala mwenyewe. Tukahama."

Daktari akaandika. Anyitike, aliyeishi miaka ishirini na sita akijua kwao ni wasichana wawili tu, akamtazama mama yake kama mgeni aliyeingia bila hodi.

Lusekelo alipomezeshwa dozi ya kwanza, akaitema, akamezeshwa nyingine, Anyitike akampigia simu mdogo wake Gloria, aliyeko Iringa na mtoto wa kiume wa miezi minane.

"Hajambo kabisa," Gloria akasema. "Sikio tu linatoa usaha. Mara ya tatu hii."

Bibi akaomba simu. "Mpeleke hospitali leo. Mwambie daktari ulikuwa na kaka wawili, walikufa wadogo."

"Mama, mimi sina kaka."

"Ulikuwa nao."

Bibi Bertha akakaa vizuri kwenye benchi, akaanza na Anord, yule mkubwa.