Nani Alimpima Hidaya

1.
TANGAZO
Wanafunzi wote wa uuguzi, mwaka wa tatu, mtashiriki utafiti wa ubora wa maisha ya wanafunzi. Kaeni wawili wawili, mpimane presha, mjaze dodoso. Majibu yote ni siri.
Mlezi wa Wanafunzi

2.
Naitwa Sekela. Nimepangwa na Hidaya, tunayelala naye chumba kimoja. Jamani, kwani kila kitu lazima niwe na Hidaya?

3.
Swali la 4. Unaridhika na usingizi wako?
Hidaya: Sana.
Sekela:

Swali la 9. Unahisi unathaminiwa chuoni?
Hidaya: Ndiyo. Leo asubuhi nimechaguliwa kiongozi wa wodi.
Sekela:

(Nafasi hiyo niliiomba mimi. Yeye hata hakuomba!)

4.
Wagonjwa wanamwita “mwanangu”.
Mimi wananiita “we nesi”.

Wivu. Ndiyo, wivu, nimesema.

5.
“Shoga, nipime vizuri basi. Kichwa kinanigonga tangu juzi.”

Anadeka huyu, nikawaza. Nikamfunga mkanda wa presha mkononi, nikaujaza upepo nusu, nikauachia. Sikusikiliza chochote. Nikaandika 120/80.

Wewe unayesoma, usinitolee macho. Ndiyo namba ya kitabuni, kila mwanafunzi mvivu anaijua. Mwalimu akiiona, anapita.

6.
JINA: Hidaya Mkumbwa
PRESHA: 120/80
MAONI: Mzima

7.
Kesho yake, kwenye korido:
“Kaanguka wodini.”
“Nani?”
“Hidaya! Alikuwa anatandika kitanda cha mgonjwa.”

Nilifurahi. Kidogo tu, kabla sijaanza kukimbia. Nalisema hili kwa sababu—

8.
190/120.

Daktari ameshika fomu yetu, aliyoletewa na Mlezi.
“Jana alikuwa mzima kabisa. Basi hili limeanza leo, ghafla.” Akaanza kuandika vipimo vya ugonjwa wa ghafla. Mara akasita. “Nani alimpima jana?”

Hidaya alifungua macho kwa shida.
“Sekela, dokta. Huyo hakosei. Mimi mwenyewe namwonea wivu.”

Akanivuta mkono, akaushika.

Daktari akanigeukia. Kalamu bado iko juu ya karatasi.
“Una uhakika na hii namba, binti? Nataka kuanza dawa sasa hivi.”

Mkono wa Hidaya ulikuwa wa moto.

“Dokta, mimi—”