Jina la Baba Mkwe

"Mwambie ataje jina la baba wa mumewe," daktari alisema, kalamu tayari mkononi.

Anyitike alilitafsiri swali kwa Kinyakyusa. Mama yake, Lusia, aliyekaa pekupeku kwenye benchi, akainamisha kichwa na kuvuta khanga hadi mdomoni.

Ilikuwa Juni 1975, hospitalini mjini Mbeya. Maswali yalitoka kwenye karatasi iliyopigwa chapa, na tangu asubuhi yalikuwa yanamshinda Lusia. Alipoulizwa tarehe, alisema ni wakati wa kuchuma kahawa. Alipopewa penseli achore saa, aliigeuzageuza, maana hajawahi kushika penseli maishani, akairudisha kwa mikono miwili. Huyo ndiye anayejua kila mche wake ulizaa debe ngapi mwaka gani, ila karatasi haikuuliza hilo.

Barua ya mwenyekiti wa kijiji ilikuwa mezani. Abrahamu, shemeji yake Lusia, amelalamika kwamba mjane huyu amepotewa na kumbukumbu, basi shamba la kahawa apewe yeye. Daktari akithibitisha, shamba limekwenda.

"Hili nalo hajui?" daktari aliuliza. "Jina tu la mtu wa nyumbani kwake!"

Anajua. Anyitike alijua kwamba anajua. Mke wa Kinyakyusa hamtaji baba mkwe, awe hai au kaburini. Miaka arobaini Lusia amelikwepa jina hilo, na enzi za uhai wa mzee, akimwona njiani, alijificha migombani. Maneno mawili matatu yangetosha kumweleza daktari. Lakini Anyitike alikuwa karani wa ghala kule Iyunga, amevaa suruali ya bugaluu, kalamu mbili mfukoni, na daktari alikwisha kumwita "ndugu msomi". Aliona aibu. Alishaanza kukisikia kicheko: kumbe bado mna mambo hayo huko kwenu?

"Kwa kweli, daktari, siku hizi anasahausahau," alisema.

Daktari akaandika. Kisha akamwonyesha mahali pa shahidi. Anyitike akajaza majina matatu kamili, lake, la baba yake na la babu yake. Daktari akagonga mhuri bila kusoma.

Walipofika barazani, Lusia alimshika mwanawe mkono.

"Nilikuwa nakutazama wewe," alisema kwa sauti ya chini. "Wewe mjukuu wake, huna mwiko. Nikasema moyoni, mwanangu atanitajia. Mbona hukulitaja?"

"Mama..."

"Umelisahau?"

Anyitike alitazama chini. 

Lusia akamtazama kwa huruma, akamfuta jasho usoni kwa ncha ya khanga.

"Basi, mwanangu, usione haya. Kazi za mjini zinachosha kichwa. Sitamwambia mtu. Hata Abrahamu sitamwambia."