Skrubu ya Nane

Ting.

Sauti ilikuwa ndogo, ya chuma kugusa chuma mara moja, kisha kimya. Muindi alibaki ameinamia injini, bisibisi mkononi, akingoja sauti ya pili, ya skrubu kudunda chini ya gari na kutulia kwenye udongo. Haikuja.

"Nini hiyo?" aliuliza Gedion, mwenye gari, kutoka kwenye kiti cha plastiki.

"Hakuna kitu, mzee. Ni spana."

Uwongo ulitoka mwepesi, kabla hata hajaamua kuutoa.

Ilikuwa Jumatano, katika gereji ya Muindi pale Migwani, gereji isiyo na paa wala sakafu, ila udongo mwekundu uliomeza vyuma vya miaka mingi. Gari lenyewe, diseli ya kijivu, halikuwa na ugonjwa wowote. Siku hizi kazi yake kubwa ilikuwa moja: kumpeleka Kalekye, mama yake Gedion, Kitui mjini kila Jumanne na Ijumaa kwenye mashine ya kusafisha damu. Figo zake zilikuwa zimekufa zote mbili. Bila mashine, maji yangemjaa mwilini.

Muindi ndiye aliyemshawishi Gedion lifunguliwe. Mwezi uliopita alikuwa Nunguni, akaona injini ya aina hiyo hiyo imefia mlimani. Ndani ya bomba la kuingiza hewa mna vibati vinne, kila kimoja kimeshikwa na skrubu mbili nyembamba. Miaka ikienda, vibati huchoka. Kimoja kikikatika, injini hukivuta ndani na kujitafuna yenyewe. Muindi alirudi Migwani na pistoni iliyotoboka, akawa anaiinua mbele ya watu kama mhubiri na Biblia yake.

"Gari nzima unaifungua ya nini?" Gedion alikuwa amemuuliza.

"Mzee, unangoja ikufie njiani na susu, mama yako, akiwa ndani? Vibati natoa vyote, naziba mashimo yao. Gari haitajua hata kama vilikuwako. Hawa wengine wanajua kubadilisha oili tu. Mimi naona mbele."

Na kweli aliona mbele. Asichokiona kilikuwa chini ya pua yake. Kibomba kimoja cha maji kilikuwa kimeganda, naye, badala ya kupoteza saa nzima kukitoa, aliinua bomba la hewa nusu tu, akavifungulia vibati pale pale juu ya injini. Matundu matatu ya kuingia kwenye silinda aliyaziba kwa vitambaa. La nne alikuwa ametoka kulikwangua masizi, akasahau kurudisha kitambaa.

Alihesabu vilivyokuwa juu ya gunia. Vibati vinne. Skrubu saba.

Alimulika tundu kwa simu. Masizi ya ndani yalikuwa mazito kama lami, ya kunasa chochote, hakuona kitu. Kuhakikisha kungetaka kung'oa kichwa cha injini, kazi ya siku mbili, na keshokutwa ilikuwa Ijumaa. Tena ingebidi aseme kwa sauti kilichotokea, na fundi jirani, Mutisya, alikuwa amemcheka asubuhi yote. "Daktari Muindi! Anapasua mgonjwa mwenye afya!"

Akafunga sumaku kwenye kamba, akaiburuta udongoni chini ya gari. Mara ya tatu ilirudi na manyoya ya vumbi la chuma na, katikati yake, skrubu. Urefu ule ule, kichwa kile kile. Moyo ukarudi mahali pake. Hakuitazama mara mbili. Aliitupa kwenye mkebe pamoja na zile nyingine, kwa maana hapo Migwani fundi humrudishia mteja kila alichotoa, la sivyo ataitwa mwizi.

Gedion alimwaga mkebe kiganjani, akahesabu. "Nane. Sawa."

Injini iliwaka ikanguruma taratibu, sauti safi. Mutisya akarudi kwenye kazi yake.

Ijumaa saa mbili asubuhi simu ililia.

"Fundi, inagonga."

Nyuma ya sauti ya Gedion, Muindi aliisikia mwenyewe: ka-ka-ka-ka. Halafu ikakatika.

Alipofika kwa bodaboda, karibu na njia ya kwenda Matinyani, oili ilikuwa imemwagika barabarani. Kalekye alikuwa ameketi ukingoni juu ya leso yake, miguu imevimba hadi viatu havikumwingia. Gedion alimshika Muindi mkono kwa mikono yote miwili.

"Ulituonya, fundi. Ni sisi tulichelewa kukuletea. Lazima kibati kimoja kilikuwa kimeshameguka."

Muindi alitazama oili barabarani.

"Inawezekana, mzee," alisema.

Walipata lori la mchanga saa sita. Walipofika, mashine ilikuwa na mgonjwa mwingine, na nafasi ya karibu ilikuwa Jumatatu. Kalekye akalazwa.

Jumapili alasiri Muindi alikwenda wodini. Kalekye alikuwa ameegemezwa kwa mito, kwa sababu akilala chali maji yalimkaba. Kila pumzi ilitokota kifuani. Gedion alikuwa ametoka kununua chai.

"Keti, mwana wakwa," Kalekye alimwambia kwa Kikamba, kama mwanawe. Akafungua fundo la leso taratibu, akatoa skrubu moja, akamwekea kiganjani. "Hii umeitoa wapi?"

Muindi aliigeuza skrubu kwa kidole.

"Nimechagua ndengu tangu nikiwa mtoto. Mbegu mbaya, hata sijaiangalia, mkono umeshaitoa. Alhamisi nikamwaga ule mkebe kwa ungo. Saba ni nyeusi tii, zimejaa masizi. Hii ina kutu, haijawahi kuona moshi. Hii si ndugu yao, Muindi. Nikasema nitakuuliza Jumapili tukitoka kanisani." Akavuta pumzi. "Na leo ndiyo Jumapili."

"Ilianguka, susu. Niliisikia. Nikaokota hii kwa udongo, nikajiambia ndiyo yenyewe."

"Ulijiambia, ama ulijua?"

"Nilijua nusu."

"Nusu." Karibu acheke, kikohozi kikamzuia. "Hiyo nusu ndiyo imenilaza hapa."

"Nilikuwa nangoja upone, ndio nimwambie Gedion."

"Na nisipopona? Wewe unamjua Gedion. Ukimwambia nikiwa kwa mchanga, atakuua, aende jela, na wajukuu wangu wabaki na nani? Mwambie nikiwa hapa, nimshike mkono. Nguvu ya kushika mkono bado niko nayo. Ya leo. Ya kesho siijui."

Kwenye korido, sauti ya Gedion ilikuwa ikikaribia, akimwambia muuguzi, "Huyo ni fundi wetu amekuja kumwona mama. Kijana mzuri sana. Alituonya, sisi ndio hatukusikia."

Muindi aliikunja ngumi juu ya skrubu hadi ikamchoma.

"Nitasema, susu," alisema, kwa sauti iliyomfanya mgonjwa wa kitanda cha pili ageuke. "Akiingia tu hapo mlangoni, kabla hajaweka chai chini, nitasema yote."