Ukurasa wa Kumi na Tisa na Sweta la Mzee Mons

Kila Jumamosi, watu wa mji wa Bergen waliokuwa bado wananunua gazeti la karatasi walifungua ukurasa wa kumi na tisa wakamkuta Eyvind Halsnes pichani, tai imenyooka, kitambaa cha hariri kinachungulia mfukoni, anawatazama kama mwalimu mkuu anayekagua kucha za wanafunzi.

Siku za kazi alikuwa karani wa bima, mtu mpole asiyemsumbua yeyote. Jumamosi, katika safu yake, alikuwa bingwa wa mavazi. Aliwafundisha wanaume kwamba koti la sufu hupigwa burashi, halifuliwi hovyo. Kwamba viatu vya ngozi havivaliwi siku mbili mfululizo. Kwamba mwanamume anayetoka nyumbani na koti la mvua la plastiki amekwisha kata tamaa na dunia. Hilo la mwisho liliwaudhi wengi, maana Bergen mvua si mgeni, ni mwenyeji. Eyvind mwenyewe alitembea katika mvua hiyo na koti lake la sufu, akarudi nyumbani mzito kama kondoo aliyeopolewa mtoni, akalivua mlangoni na kuliacha hapo.

Aliyeliokota alikuwa mkewe, Ragnhild.

Ragnhild aliendesha tramu, na akirudi kutoka zamu ndiye aliyefua, aliyepiga pasi, aliyeshona vifungo. Eyvind alisimama mlangoni pa chumba cha kufulia, kikombe cha kahawa mkono mmoja na daftari mkono wa pili, akitazama na kuandika. Kikombe kikiisha, alikwenda kukijaza. Utaalamu wake wote ulikuwa huo.

Miaka sita mambo yalikwenda hivyo, mpaka Jumamosi moja ya Oktoba Ragnhild alipoliokota gazeti mezani akasoma kwa sauti:

"'Mikono yangu hii imezeeka ndani ya beseni. Sweta la sufu nalijua kama mkunga anavyomjua mtoto.'" Akacheka, akacheka mpaka akashika meza. "Mkunga! Eyvind, wewe beseni letu lina rangi gani?"

"Rangi... si lile jeupe?"

"La kijani. Tunalo tangu tulipooana."

"Mke wangu, ni namna tu ya kuandika. Wasomaji wanapenda mtu azungumze kwa uzoefu."

"Basi kautafute." Akaliweka gazeti chini bila kulimaliza. "Kuanzia leo nafua zangu. Zako zisubiri mkunga."

Eyvind alidhani ni mzaha wa asubuhi. Jumatano akavaa shati la mwisho safi. Alhamisi akaligeuza lile la Jumanne. Ilipofika Jumamosi iliyofuata, siku aliyoalikwa maktaba ya mtaa kutoa mazungumzo juu ya utunzaji wa nguo, alilazimika kupiga pasi kwa mara ya kwanza maishani. Alinyoosha kifua na kola, sehemu zinazoonekana, na mgongoni akaacha alama ya kahawia yenye umbo kamili la pasi. Juu yake akavaa koti, akafunga vifungo vyote.

Maktaba ilijaa watu thelathini na ushee, na mitambo ya joto ilikuwa imewashwa kana kwamba wanaoka mikate. Eyvind alizungumza nusu saa huku jasho likimchuruzika masikioni. Mama mmoja wa mbele akamwonea huruma.

"Vua koti, baba, utazimia."

"Mwanamume aliyevaa vizuri, mama, hasikii joto," akajibu, na watu wakampigia makofi. Ragnhild, aliyekaa mstari wa nyuma bado na sare yake ya tramu, hakupiga.

Yakaja maswali. Akasimama mzee mmoja, Mons Tveiterås, mpiga kinanda mstaafu wa kanisani, amekwisha pita themanini. Alikuwa na mfuko wa karatasi. Akatoa ndani yake sweta la kijivu lenye nakshi nyeupe mabegani, dogo, gumu, limekakamaa kama kipande cha zulia. Lingemtosha mtoto wa miaka mitano.

"Mwanangu," alisema, "hili lilikuwa langu. Alilifuma marehemu mke wangu. Alikuwa akilifua yeye, na tangu afariki nililiogopa kuligusa. Nikaisoma safu yako Jumamosi iliyopita, nikasema, ahaa, nimepata mtu wa kunielekeza. Nilifuata neno kwa neno. Nimekosea wapi?"

Eyvind akalipokea sweta, akaligeuza, akalinusa, akalivuta kidogo ukingoni kama mtu anayepima kitambaa dukani.

"Inategemea, mzee wangu. Sufu za zamani zina tabia zake. Huenda sabuni... au maji ya mtaa wenu..."

"Maji yetu ni haya haya ya Bergen."

"Ndiyo, lakini mabomba..."

"Eyvind." Ilikuwa sauti ya Ragnhild. Alikuja mbele taratibu. "Mzee Mons, aliandika ufue kwa maji gani?"

"Ya vuguvugu, mama. Na nilifanya hivyo."

"Na kusuuza?"

Mzee akatoa kipande cha gazeti mfukoni, kimekunjwa mara nne. "'Kisha peleka sweta chini ya bomba, ulisugue kwa nguvu mpaka povu liishe.'"

Ragnhild akafumba macho. Maji ya bomba ya Bergen mwezi wa Oktoba yanauma meno. "Anayesuuza hutumia maji yenye uvuguvugu ule ule, na hasugui. Hubonyeza tu, polepole. Ukilitoa kwenye joto ukalitia kwenye baridi na kulisugua, sufu inajikaza, na hailegei tena kirahisi." Akamgeukia mumewe. "Hapo ndipo ulipokwenda kuongeza kahawa, sivyo?"

Watu wakaanza kucheka. Eyvind akalishusha lile sweta. Akamtazama Mzee Mons, na mzee hakuwa anacheka. Alikuwa anaiangalia nakshi ya mabegani.

"Sijawahi kufua sweta," Eyvind akasema. Sauti ilikuwa ndogo, kwa hiyo akarudia. "Sijawahi kufua chochote. Anafua mke wangu." Halafu, kwa kuwa joto lilikuwa limemshinda, akavua koti, na alipogeuka kulitundika watu wote wakaiona pasi mgongoni.

Alasiri ile ile Mzee Mons alikaa jikoni kwa akina Halsnes, na sweta likaloweshwa ndani ya beseni la kijani kwa maji ya vuguvugu na dawa ya kulainisha nywele. Baada ya saa nzima Ragnhild akalitandaza juu ya taulo.

"Shika mkono huu, vuta. Polepole!"

"Nadhani kitaalamu ingefaa..."

"Vuta, usiseme."

Lilirudi nusu. Mikono iliishia chini kidogo ya viwiko. Mzee alirudi siku ya tatu lilipokauka, akalivaa, akajitazama kwenye kioo, akasema marehemu angemcheka sana, na akaenda nalo nyumbani.

Mhariri wa gazeti hakutaka kuchapisha maungamo aliyoyaandika Eyvind. Alisema ukurasa wa wanaume si kanisa. Ragnhild akampigia simu, na Jumamosi yakachapishwa. Ndani ya wiki moja vikaletwa vifurushi tisa, kila kimoja na sweta lililokakamaa na barua isiyo na heshima. Eyvind akakunja mikono ya shati, akainama bafuni, vidole vikakunjamana kama zabibu kavu. Nane aliyalegeza kiasi. La tisa halikuokoka kabisa.

"Nimwandikie mwenyewe?" akauliza.

"Mpigie," akasema Ragnhild.

Mwenye sweta hilo alikuwa fundi bomba wa kisiwa cha Askøy, mwenye kifua kipana na maneno mengi. Eyvind aliyasikiliza matusi yote mpaka mwisho bila kukata simu, akaomba radhi, akaenda kubadilisha maji ya beseni, maana mashati yake mwenyewe bado yalisubiri.