Maana ya Bangili

Fundi cherehani alikuwa amepiga magoti, pini mdomoni, akikunja pindo la gauni la mdogo wake, bangili ya mkononi mwake mwenyewe ilipoanza kuzungumza. Ilikuwa na sauti ya mwanamke mtu mzima, yenye mkwaruzo kidogo.

"Jina langu limetoka kwa Wahindi," ilisema. "Bangri, pambo la kioo la mkononi. Basi. Halina maana nyingine."

Fundi alitema pini kiganjani. "Mume wangu aliniambia ni neno la kale. Maana yake 'hakuna mwingine'."

"Nilimsikia akikwambia. Nikanyamaza, sikutaka kuharibu harusi ya watu."

Mdogo wake, aliyesimama juu ya stuli, akacheka. "Dada, bangili yako ina mdomo!"

Ndipo sauti nyingine, nyembamba, ikatoka ndani ya mkono wa gauni. "Hata huyu kaambiwa hivyo hivyo. 'Hakuna mwingine.' Na mwanamume ni yuleyule."

Mdogo mtu akaacha kucheka. Redio ya kinyozi wa jirani iliendelea kuimba. Fundi akaupandisha ule mkono wa gauni taratibu, asichomoe pini, akaiona bangili pacha wa yake, hadi alama ya sonara.

"Uliniambia gauni ni la sherehe ya rafiki yako."

"Ni la harusi, dada. Yangu. Shemeji alisema atakwambia mwenyewe. Nikadhani umeshajua, ndiyo maana unanishonea vizuri hivi."

Mume aliingia mchana kama kawaida yake. Bangili zote mbili zikamsalimu kwa pamoja.

"Siku hizi bangili hazina adabu," alisema, akavuta kiti.

"Ulimwambia hakuna mwingine," mkewe alisema.

"Nilipomwambia, hakukuwa na mwingine chumbani." Akauliza kama chakula kiko tayari.

Fundi alijaribu kuivua bangili kwa sabuni, kisha kwa mafuta. Mkono ulikuwa umenenepa ndani ya ndoa, haikutoka. Ikabaki palepale, ikiwaeleza wateja asili ya jina lake, nao wakiitikia huku wakichagua vitambaa.

Usiku wa kuamkia harusi alikaa na lile gauni akakusudia kuliharibu kiunoni, walau mshono mmoja tu. Alijaribu kweli. Mikono ikakataa. Bibi harusi alipolivaa, lilimkaa kama alizaliwa nalo, na wageni wote wakauliza fundi ni nani.